Kila odisheni ya kuigiza napewa sehemu ya mama mkwe, eti sauti yangu nzito, nami nina miaka 26!

Dadangu pole, ila nimecheka kidogo. Hapa Malindi wote twataka kuwa bibi harusi, lakini anayechagua haulizi cheti cha kuzaliwa, aona sura asikia sauti dakika mbili basi, na wewe umesema mwenyewe sauti yako nzito. Mimi nilikataa kuigiza askari miaka mitatu nikakaa bure, na uso wangu ni wa askari, nifanyeje! Waulize watu watano wasokujua wakikuona wadhani wewe ni nani, mwalimu, mwenye duka, kisha picha zako za kutuma kwa wanaochagua waigizaji zifuate hayo. Na huyo mama mkwe usimpigishe kelele tu, mnyamazishe, akunje leso polepole huku amwangalia mkaza mwana, watakuita tena.