Spika gani kwa chumba cha mita 3 kwa 3.6?

Swali: Chumba ninachosikilizia muziki kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.6. Kuta ni za matofali ya saruji, sakafu ni vigae. Amplifaya yangu inatoa wati 40 kila upande. Muuzaji ananishauri nichukue spika ndefu za kusimama sakafuni, zenye wufa (koni za kutoa besi) za inchi 8, kwa kuwa ndogo "hazina besi". Nasikiliza zaidi dansi la zamani na taarab. Nimsikilize? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Chukua ndogo, zenye wufa ya inchi 5 hivi.

Chumba chako tayari kinaongeza besi chenyewe. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na wimbi ambalo urefu wake ni mara mbili ya chumba hugonga kuta na kujijazia nguvu. Kwa urefu wa mita 3.6 hilo hutokea karibu na hezi 48 (mitetemo 48 kwa sekunde). Kwa upana wa mita 3, hezi 57. Sasa, G ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 49. Katika dansi, kila mpigaji besi akiigusa G hiyo chumba kitavuma, noti za jirani zitabaki za kawaida, na ule mwendo mtamu wa besi utapotea. Spika kubwa zinazoshuka hadi hezi 35 zitauchochea mvumo huo kwa nguvu zote.

Ningetafuta zenye boksi lililozibwa kabisa, lisilo na tundu la hewa. Besi yake hupungua polepole kuelekea chini, na ukuta ulio nyuma ya spika huifidia. BBC walipotaka spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, miaka ya 1970, waliunda LS3/5A: boksi lililozibwa, kimo cha sentimita 30 tu, wufa ya inchi 5. Hadi leo wapo wanaoitafuta. Ukikosa ya kuzibwa, chagua yenye tundu mbele. Tundu la nyuma linataka nafasi ambayo huna.

Wati 40 zinatosha. Hata spika yenye unyeti mdogo wa desibeli 84 (sauti inayotoa kwa wati moja) itafika takriban 100 ukiwa mita moja nayo, na wewe utakaa mita mbili hivi.

Mahali pa kuziweka ndipo pa kuhangaikia. Zipange kwenye ukuta mfupi, juu ya stendi, twita (koni ndogo ya sauti nyembamba) iwe usawa wa sikio, na uziepushe na pembe. Zianzie sentimita 30 kutoka ukutani, kisha usogeze kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kiti kisiguse ukuta ulio nyuma yako, maana hapo besi hufura, wala kisikae katikati ya chumba, ambako noti ile ya hezi 48 karibu inatoweka. Mita moja na ushee kutoka ukuta wa nyuma ni pazuri.

Vigae vitakusumbua kwenye taarab: fidla zitachoma masikio. Tandika zulia zito kati yako na spika, na pazia nene dirishani. Ila hivyo havipunguzi mvumo wa besi, kwa hiyo usiruke hatua ya kusogeza kiti.

Kabla ya kulipa, omba uzijaribu nyumbani kwa wimbo unaoujua noti kwa noti.