Kupunguza uzito kwa imani: utii ulinisaidia wapi hasa

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza kama ni halali kumpelekea Mungu jambo la kilo, na kama imani inasaidia kweli au ni maneno ya kujipa moyo tu. Mimi nimepungua na kwa miaka sasa sijarudi nilikotoka, na bila wokovu sidhani kama ningefika.

Kilichopunguza mwili ni kula kidogo kuliko nilivyozoea na kutembea kila siku. Aliyeokoka na asiyeokoka, mafuta hujihifadhi mwilini kwa kanuni ile ile. Imani niliihitaji mizani ilipogoma, na itagoma: mwili ukishapungua hutumia nguvu kidogo kuliko awali, kwa hiyo kiasi kile kile cha chakula kilichokupunguza mwanzoni hufika mahali kikakuacha ulipo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mimi nilikuwa nimeshamwahidi Bwana kula kwa kiasi, sikumwahidi namba ya kilo, kwa hiyo kesho yake nilikuwa bado na sababu ya kuendelea.

Andiko lililonishika ni 1 Wakorintho 6:12. Watu hukimbilia mstari wa 19, ule wa hekalu la Roho Mtakatifu, na ni neno la kweli, ingawa pale Paulo alikuwa anakemea zinaa. Mstari wa 12 anasema vitu vyote ni halali kwake, "lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote," na unaofuata unataja vyakula na tumbo waziwazi. Baada ya hapo niliacha kujiuliza kama chakula fulani ni dhambi. Chakula ni zawadi. Nilianza kujiuliza nani anatawala hapa mezani, na kama naweza kuinuka sahani ikiwa bado na kitu.

Sasa utii wenyewe ulivyo. Kabla ya kula sote tunashukuru. Mimi niliongeza sala ya pili, kabla ya kujipakulia tena. Naweka kijiko chini, naondoa mikono mezani, nasema kwa sauti ndogo: "Baba, asante kwa hiki ninachotaka kuongeza. Nina njaa?" Mara nyingi sijafika amina jibu ninalo. Habari za kushiba huchukua kama dakika 20 kufika vizuri kwenye ubongo, na mla haraka huwa keshamaliza sahani ya pili. Sala fupi haifikishi dakika hizo, ila inakata ile kasi. Na jibu likiwa ndiyo, njaa ipo, naongeza na kula kwa furaha bila kujihukumu.

Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alitaja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kutaka vilivyopambwa sana, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Angalia kwamba wingi ni njia moja tu kati ya tano. Yangu ilikuwa pupa, na ndiyo maana ile sala ya pili ilinifaa kuliko kupima chakula kwa gramu. Chunguza yako ni ipi kabla ya kuiga ya mtu.

Jambo jingine, asubuhi naomba agizo moja tu la siku hiyo, kwa mfano kutokula chochote baada ya chakula cha usiku. Wana wa Israeli waliokota mana ya siku, na iliyobakizwa hadi asubuhi, kinyume cha agizo, iliingia mabuu. Utii wa mwezi mzima sina uwezo nao leo. Wa leo ninao.

Kuhusu mfungo wa Danieli uliotaja, ule wa kula mboga na maji tu kama Danieli na wenzake walivyofanya siku kumi: soma Danieli 1:15. Baada ya zile siku kumi vijana wale miili yao ilikuwa imenenepa zaidi! Ile ni habari ya uaminifu kwa Mungu ugenini. Funga ili umtafute Mungu, kama Isaya 58 inavyofundisha. Kufunga kwa ajili ya kilo mara nyingi huishia kwa kula kwa kulipiza jioni. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usifunge kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla ukazirai. Kumsikiliza daktari si kukosa imani.

Pia usikubali mtu akuambie mwili mnene ni kipimo cha wokovu. Kuna dawa zinazoongeza uzito, kuna tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kuna kurithi, kuna kukosa usingizi. Linaniuma sana neno hilo likitoka madhabahuni. Siku ukianguka, Warumi 8:1, "hakuna hukumu ya adhabu", bado ni yako, na chakula kinachofuata ukile kama kawaida, bila kujiadhibu kwa njaa. Lengo nalo liwe la kiasi: kwa wengi, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito tayari hushusha presha na sukari.

Mwisho, kundi kubwa la maombi si lazima. Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako anayejua kutunza siri. Mimi na mwenzangu tunatumiana ujumbe kabla ya kulala, neno moja tu: "nimetii" au "niombee". Likija la pili hatuulizi alikula nini, tunapiga simu tunaomba.