Jestiki la Pili

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Mkiwa kwenye safari ya kikundi na mwenzenu mmoja akachelewa, ni haki kumwacha?" Nilisoma, nikaliweka gazeti, nikaenda kuosha vyombo. Mume wangu akauliza kutoka sebuleni, leo vyombo vimekukosea nini? Mwenzenu huyo mmoja ni mimi. Agosti 2019 niliachwa Unguja na kikoba changu mwenyewe, wanawake ishirini wa Tandika ambao nimechanga nao, nimezika nao na nimecheza ngoma za watoto wao.

Kwa hiyo nitajibu, ila kwanza swali lenyewe lina kasoro. Kabla ya kuuliza kama ni haki kumwacha, mngeuliza amechelewa kwa sababu ya nini. Asubuhi ya siku ileile gari letu lilisimama Darajani karibu saa nzima kwa ajili ya akina mama watano waliokuwa wakibishania bei ya kanga, na baada ya kanga wakahamia kwenye karafuu na iliki. Hakuna aliyesema wamechelewa. Walisemwa "wanamalizia". Mimi niliyekwenda kupiga picha jina la sinema ndiye niliyepewa cheo cha mchelewaji, na ninacho mpaka leo.

Nikisema jina la sinema nina maana ya zile herufi kubwa usoni pa jengo, juu ya mlango, na ule ubao uliokuwa ukitundikwa picha ya leo na ya kesho. Ninazikusanya. Mji wowote ninaofika, kwa harusi au kwa msiba, nauliza sinema ilikuwa wapi. Moshi nilielekezwa Plaza, Arusha Metropole, Mwanza Liberty. Pengine herufi zipo, pengine imebaki alama yake tu kwenye plasta. Nairobi sinema ya Globe imebaki kuwa mzunguko wa barabara, makondakta wanaita "Globe! Globe!" na abiria vijana hawajui wanaitiwa nini. Drive-in yetu ya Dar, sinema ya kutazama ukiwa garini, ndiyo hiyo tena, pamejengwa ubalozi wa Marekani. Pale kamera hata mkobani usiishike.

Ugonjwa huu ulianza Tanga. Tulikuwa na Novelty, Regal na Majestic, na herufi za Majestic ndizo zilizonifundisha kusoma kabla sijapelekwa darasa la kwanza. Kaka yangu alikuwa akinionyesha moja moja kwa kidole tukipita. Mimi nikaamini ni Kiswahili. Nikaamini, tena kwa hoja, kwamba kama kuna jicho na macho, jina na majina, basi lile jengo lilikuwa na kosa: liko moja, wameliandika kwa wingi. Jestiki moja, majestiki mengi. Mengine yako wapi? Nilimuuliza mama, akasema niache maneno ya mitaani. Nilifika kidato cha kwanza ndipo mwalimu wa Kiingereza akaniambia maana yake ni yenye fahari ya kifalme. Nilihisi nimedhulumiwa.

Sasa kifalme hicho kilikuwa kila mahali, mtazame wenyewe: Royal, Regal, Empire, Empress, Sultana. Wafalme wakaondoka, majina yakabaki. Bara sheria ya 1971 ya kutaifisha majumba ya zaidi ya shilingi laki moja ilichukua na majengo mengi ya sinema, yakawa ya Msajili wa Majumba, lakini juu ya mlango mfalme hakuguswa. Unguja baada ya Mapinduzi walikuwa makini zaidi: Sultana ya Malindi ikageuzwa Cine Afrique. Majestic ya Vuga wakaiacha. Huenda na wao walidhani ni wingi wa kitu fulani.

Mnaelewa basi kwa nini, tuliposhuka botini asubuhi ile na mtembezaji wetu akataja kwa bahati tu kwamba Vuga kuna Majestic, mimi sikusikia tena habari za kasa wala za soko la watumwa. Jestiki la pili! Miaka hamsini nimelingoja.

Tulikubaliana kukutana getini bandarini saa tisa, boti ikiwa ya saa kumi. Saa saba na nusu wenzangu walikuwa Forodhani wakipigana picha mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha wenye vitenge vya sare. Mimi nikaona jumba hilo kila mtu analo, tangu 1883 liko pale, nani atakosa picha yake? Nikaingia vichochoroni. Nilipotea mara mbili, mara ya pili nikatokea nilikoingilia. Nilifika Vuga saa nane na kitu, na lilikuwepo, na jina lake usoni, na chini yake, imeziba mlango na nusu ya ukuta, Noah nyeupe.

Kwenye kivuli cha upande wa pili alikuwa amekaa mzee wa kanzu na kofia. Nikamwamkia, nikamuuliza mwenye gari. "Yuaja sasa hivi." Anayeijua "sasa hivi" ya Unguja anajua nilikuwa nimekwisha. Akanitazama nilivyoinua simu.

"Wampiga nani?"

"Hilo jina, mzee wangu."

Akageuka kulitazama kama limetundikwa jana. "Jina haliendi pahala, mama. Keti."

Nikaketi. Akanieleza kwamba pale kabla yake palikuwa na Royal, ya mwaka 1921, mchoro wa Sinclair, Mwingereza aliyekuja kuwa Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza Unguja. Ikaungua. Yeye moto aliuona akiwa begani kwa baba yake, na alichokumbuka zaidi ni baba kumkataza kushangilia. Hili tulilokuwa tukilitazama likafunguliwa 1955. Nikamuuliza kuhusu zanana, yale maonyesho ya wanawake. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Mama yake na dada zake walikuwa wakienda na mabuibui yao siku za wanawake peke yao, naye anakokotwa nao, analia pamoja nao stelingi akipata taabu, hadi siku bawabu alipomshika kidevu, akamtazama juu ya mdomo, akasema huyu arudi nyumbani. Nami nikamweleza zanana za Tanga, mama akinikalisha mapajani ili nisilipiwe kiti, nami nina miguu mirefu inayofika sakafuni. Tulizungumza kama watu waliosoma shule moja. Televisheni ya rangi wao waliipata 1973, sisi bara tukangoja mpaka 1994, akanisimanga kwa hilo. Nikamjibu kwamba ndiyo maana sinema zetu zilichelewa kufa. Sina hakika kama ni kweli, ila lilimnyamazisha.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo kikoba hawajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Siku zote nimewaambia simu ilikuwa imezimwa sauti. Haikuzimwa. Mwenye Noah alitokea, akaingia, akawasha, na simu ikaita: Mwenyekiti. Jina lake likafunika jengo lote kwenye kioo. Nikakata. Noah ikaanza kurudi nyuma, ikaita tena, nikakata. Mara ya tatu nilikata kwa hasira kabisa. Nilipata picha nne. Mbili zina nyaya za umeme kama kamba ya nguo, moja ina kidole changu. Ya nne ni nzuri, jina lote linasomeka, ila mkia wa Noah umo.

Teksi ilinifikisha bandarini nikiwa nimeshika viatu mkononi. Boti ilikuwa imeshatoka, naiona inavyozidi kuwa ndogo. Na kwenye benchi alikuwa amekaa jirani yangu, mwana kikoba mwenzangu, na tiketi yake ya boti iliyokwisha kuondoka. Alikataa kupanda. Aliwaambia wenzake nendeni, mimi namjua huyu, atakuwa anatazama ukuta mahali.

Nilitegemea atanitukana. Hakusema neno mpaka tulipofika Kikwajuni, kwa jamaa wa shemeji yake, ambako tulilala wawili kitanda kimoja. Pale ndipo aliponiambia, amegeukia ukutani, kwamba ile Sultana ya Malindi ilikuwa hatua chache kutoka getini, ningetosheka na hiyo na boti ningepanda. Mtembezaji alisema. Sikusikia, nilikuwa na jestiki langu kichwani. Nauli yake ya kesho yake nililipa mimi. Chakula alinunua yeye.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuwaambia kwamba kuacha mtu ni ukatili. Nimerudia kuisoma hiyo aya ya simu, na naona aibu kuendelea. Watu kumi na tisa wana watoto wa kupikia, wana zamu za kazi Jumatatu, tiketi zimeandikwa majina. Mtu kawakatia simu mara tatu. Wafanyeje?

Tena kuna jingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Jioni ile grupu la kikoba lilijaa picha: mmoja mmoja, wawili wawili, wenye sare, na jumba zima nyuma yao limesimama. Mimi simo hata kwenye moja. Jina la Majestic, ambalo nilikimbilia kana kwamba linakwenda kufa kesho, liko palepale, na wapo watu wa Hifadhi Zanzibar wanaopigania jengo lake lifufuliwe. Mzee alinionya kwamba jina haliendi pahala. Nilikimbilia kilichobaki nikakosa kilichokuwa kinaondoka. Hata hivyo picha yangu ya nne siifuti, na ningepelekwa Vuga leo ningengoja Noah nyingine.

Basi jibu langu: ndiyo, ni haki, mwacheni. Lakini awe mtu mzima, mwenye simu, aliyepigiwa akakata. Akiwa mgonjwa au mgeni wa mji, hapana. Na wale wa kanga nao wapimwe kwa saa hiyohiyo, kwa sababu faini ya shilingi elfu kumi nimetozwa mimi peke yangu na nimelipa, wao wakaambiwa kanga zao nzuri. Na kama mnamwacha, mwachieni mkoba wake pale getini. Wangu ulivuka na boti, na dawa zangu za presha zilikuwa ndani.