Kitako kilishapasuka kikaungwa, hiyo bunduki niichukue?

SWALI: Shikamoo fundi. Kuna mzee hapa Tabora anaachana na mambo ya uwindaji, anauza bunduki yake CZ 550 inayotumia risasi kubwa aina ya .375 H&H. Mtutu unaonekana safi ila kitako kiliwahi kupasuka pale nyuma ya risiva (kile chuma kikuu kinachoshika mtutu na bolti), kikaungwa kwa gundi na pini. Bei ameshusha sana. Je inafaa au ntakuwa nanunua matatizo?

JIBU: Marahaba kaka. Kabla hatujaongelea gundi nataka umuulize huyo mzee swali moja tu, kitako kilipasuka kwa sababu gani? Maana kitako kilichoungwa vizuri kinaweza kikadumu kuliko mbao nzima, lakini kama kilichokipasua bado kipo mle ndani basi kitapasuka tena, na kitachagua kupasuka siku uko mbele ya nyati.

Majibu yanayokuja huwa ni matatu. La kwanza ilianguka, labda kwenye gari au mtu kateleza nayo. Hapo mbao ndo shida ndogo, kagua mtutu kama haujapinda, kagua mdomo wa mtutu kama una kovu, na kama ina darubini angalia vishikio vyake havijalegea. La pili ilipiga risasi yenye presha kubwa kupita kiasi, kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Ukiona mpasuko umekaa pembeni ya magazini (pale risasi zinapokaa), mbao imefunguka kwenda nje, hapo simama kwanza. Toa bolti, ile chuma yenye mkono unayoivuta kupakia risasi, uangalie yale meno yake yanayofunga, kama kuna ufa hata wa unywele au yameminyika, achana nayo hata ukipewa bure, hiyo siyo bei ya kujadiliana ni macho yako na uso wako.

La tatu ndo lenyewe kwa hizi CZ 550 za risasi kubwa, na kwa ulivyoeleza (nyuma ya risiva) nahisi ndo hili. Zinajulikana kwa huo ugonjwa. .375 H&H ipo tangu 1912 na bado inasukuma risasi ya grein 300, karibu gramu 19 na nusu, kwa spidi ya zaidi ya mita 750 kwa sekunde, kwahiyo teke lake siyo dogo. Chini ya risiva kule mbele kuna jino la chuma ambalo limewekwa kupokea hilo teke na kuligawa kwenye mbao. Sasa kama mbao iliyo nyuma ya hilo jino imechongwa vibaya au imelika, au skrubu zimelegea, jino halishiki, chuma chote kinarudi nyuma na mkia wa risiva (ncha yake ya nyuma) unaingia kwenye shingo ya kitako kama kabari kwenye gogo. Ukipiga risasi kadhaa ufa unaanza, mtu anatia gundi juu, mkia bado unagusa mbao, ufa unarudi palepale.

Kwahiyo mwombe mzee aifungue, itolewe chuma kwenye mbao mbele yako, akikataa nawe kataa. Angalia vitu viwili kwa makini. Nyuma ya ule mkia lazima kuwe na kanafasi kadogo, hata milimita moja inatosha, ukikuta mbao imegusana na chuma na ina alama inayong'aa ya kusuguliwa basi tatizo halijatibiwa. Halafu njoo mbele kwenye nyumba ya lile jino, fundi anayejua anakuwa ameweka epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) pale, utaona jino limechapa umbo lake kabisa kwenye epoksi bila mapengo, na vizuri zaidi kama kuna pini nene ya chuma imepita kwenye mbao ubavu hadi ubavu. Ukikuta mbao tupu imepondekapondeka, ukarabati wa huko nyuma ulikuwa wa kuuzia tu.

Gundi yenyewe nayo ina mambo. Bunduki za zamani zimekunywa mafuta miaka na miaka maana watu wanazimwagia mafuta halafu wanazisimamisha kwa kitako, yote yanashuka kwenye shingo. Mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi yoyote mpaka ikaushwe na kusafishwa kwa asetoni, na siyo mara moja. Ukiona mbao nyeusi kuzunguka ule mpasuko usiiamini. Shika mbele kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, pinda taratibu huku unaangalia mstari wa gundi kwenye mwanga, kama unafunguka hata kidogo au unasikia kamlio, imeisha hiyo. Gundi nyeupe ya maseremala na supagluu hapo hazina kazi.

Ikishafungwa tena, weka kidole pale mtutu unapokutana na mbao, mwingine alegeze skrubu ya mbele halafu akaze. Ukisikia mtutu unacheza chini ya kidole, chuma hakijakaa sawa kwenye mbao.

Halafu ipigwe, na mwenye leseni awepo, sehemu inayoruhusiwa, kwa risasi kamili. Tatu kwa mita 100, angalia ufa, kaza skrubu, piga tatu tena. Ikiwa skrubu zimelegea sana kati ya hapo, mbao inaminyika ndani.

Usilipe hata shilingi wala usiibebe kwenda nayo nyumbani kabla polisi hawajakubali umilikishwaji, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani, na namba ya risiva isome mwenyewe uilinganishe na ya kwenye leseni ya mzee, ya kwenye bolti pia.

Kwenye bei, hata kama ukarabati ni mzuri mimi ningehesabu kama nanunua chuma tu bila mbao. Ulizia kitako kipya pamoja na kazi ya fundi mwenye kibali ni kiasi gani, mzee atoe hiyo hela kwenye bei ya bunduki kama hiyo iliyo nzima. Kama alichoshusha hakifiki hapo, bado hajashusha.