Maswali ya Wasomaji: Mshale wa Spidi Unapoyumba au Kudanganya

SWALI: Gari langu ni la spoti, la milango miwili, la mwaka 1974. Spidomita yake ni ya kebo. Nikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa mshale unacheza kati ya 50 na 75, na asubuhi nasikia mlio wa tik-tik nyuma ya dashibodi. Nikivuka 100 mshale unatulia. Fundi ameniambia ninunue spidomita nyingine. Je, niitupe hii?

JIBU: Usiitupe, ndugu msomaji. Dalili zako zote zinaelekeza kwenye kebo, na kebo ni rahisi kuliko spidomita.

Ndani ya spidomita ya aina hiyo, kebo inazungusha sumaku. Sumaku haigusi mshale wala kitu kilichoshikamana nao. Inazunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini, inaamsha mikondo ya umeme ndani ya ile alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Pale mvuto na springi vinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Kwa hiyo mshale unaoyumba mara nyingi unasema kweli: sumaku yenyewe inazunguka kwa kushtukashtuka. Waya wa ndani wa kebo ukikwama kwenye ala yake unajisokota, halafu unajiachia ghafla, tena na tena. Mwendo ukiongezeka hauna muda wa kukwama, ndiyo maana wako unatulia ukipita 100. Baridi hugandisha grisi ya zamani, ndiyo maana mlio unakuja asubuhi.

Anza kwa kuifuata kebo kutoka gia boksi hadi dashibodi. Pasiwe na kona kali: nusu kipenyo cha pindo lolote kisipungue sentimita 15 hivi, na sentimita chache za mwisho ziingie kwenye spidomita zikiwa zimenyooka. Angalia pia vibano vilivyokazwa mno, na mahali ambapo kebo imelala karibu na bomba la ekzosi.

Kisha fungua nati ya nyuma ya spidomita na uvute waya wa ndani. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukishakuwa safi, ukunje uning'inie kama herufi U, shika ncha zote mbili na uuviringishe polepole kati ya vidole. Waya mzima huzunguka bila kishindo. Waya uliopinda hurukaruka kama unaokataa, na huo haunyoosheki, badilisha. Badilisha pia ukiona nyuzi zimefumuka au ncha ya pembe nne imelika na kuwa duara.

Ukiwa mzima, upake grisi nyepesi, utando tu. Sentimita 20 za juu, upande wa spidomita, ziache kavu kabisa. Hili watu wengi hulipuuza na ndilo linaloua spidomita nzima. Waya umesukwa kama parafujo, kwa hiyo ukizunguka unaweza kupandisha grisi hadi ndani. Grisi ikifika kati ya sumaku na kikombe, kikombe kinaburuzwa, mshale unakimbilia mwisho wa namba, na ile springi inaweza kuharibika. Kwa sababu hiyo hiyo, usipulizie mafuta ya kulegeza kutu nyuma ya spidomita, hata ikilia vipi.

Ukirudisha, pima waya unaochomoza juu ya ala upande wa spidomita. Kwenye nyingi ni milimita 10 hivi. Ukizidi, unasukuma ekseli ya spidomita kwa ndani na kuleta mlio na kuyumba. Ukipungua, utachomoka njiani.

Kabla ya kufunga, ijaribu spidomita peke yake. Kata kipande cha waya wa zamani chenye ncha ya pembe nne, kiweke kwenye drili, uzungushe polepole upande unaopandisha mshale. Spidomita nyingi za magari ya Kijapani hutaka mizunguko 637 kwa kilomita, yaani drili ikienda 637 kwa dakika mshale usome 60. Ukitulia hapo, spidomita haina kosa. Ukiendelea kuyumba, bushi ya ekseli imekauka: tone moja la oili ya cherehani kwenye tundu la ekseli, moja tu, kisha jaribu tena.

Upande wa gia boksi, kama waya ulitoka umelowa oili, sili ya kigia kinachozungusha kebo imechoka. Ibadilishe sasa, la sivyo oili itapanda yote. Na kama ungekuwa na mshale unaoanguka hadi sifuri kisha kurudi, ningekwambia ukague meno ya kigia hicho kwanza. Mara nyingi ni cha plastiki na hulika.

SWALI: Nina MGB, gari la spoti la Kiingereza, niliyoivika matairi 185/60R14. Mshale umetulia vizuri, lakini simu yenye GPS inaonyesha 92 wakati spidomita inasema 100. Nirekebishe nini?

JIBU: Matairi. Kabla ya kugusa chochote, muulize shahidi aliye ndani ya dashibodi hiyo hiyo: odomita, yaani kihesabio cha kilomita. Odomita huendeshwa na gia tupu, haina sumaku wala springi. Pima kilomita 10 kwa GPS kwenye barabara iliyonyooka. Odomita ikizidisha kwa kiasi kile kile cha mshale, kosa liko chini: matairi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) au kigia. Odomita ikiwa sahihi na mshale peke yake unakosea, kosa liko ndani ya spidomita.

Kwako hesabu inajieleza. Tairi la 165R14, ambalo gari hilo lilivaa enzi zake, lina urefu wa ubavu wa asilimia 82 hivi ya upana, kwa hiyo kipenyo chake ni karibu milimita 626. La 185/60R14, ambalo ubavu wake ni asilimia 60 ya upana, ni milimita 578. Limepungua kwa asilimia 7.7, gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, na spidomita inasoma 100 wakati mwendo halisi ni 92. Ndicho ulichokiona kwenye simu.

Ukitaka uhakika bila hesabu, soma namba ndogo kwenye uso wa spidomita. Nyingi za MGB zimeandikwa 1280, mizunguko ya kebo kwa maili moja, sawa na 795 kwa kilomita. Chomoa kebo nyuma ya spidomita, bandika kibendera cha selotepu kwenye ncha ya waya, sukuma gari mita 20 na uhesabu. Inatakiwa izunguke karibu mara 16. Ukipata zaidi ya 17, umethibitisha. Usijaribu kufanya hivi kwa kuinua gurudumu moja kwa jeki: difu itakupa nusu ya jibu.

Tairi la 185/70R14 lina kipenyo cha milimita 615, kosa linashuka chini ya asilimia 2. Ukipenda kubaki na matairi uliyonayo, kuna visanduku vidogo vya gia vinavyofungwa kati ya gia boksi na kebo kusahihisha uwiano. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu spidomita kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4, lakini haiiruhusu kupunguza hata kidogo. Kwa hiyo usivuke kwenda kwenye tairi kubwa kuliko la asili.

SWALI: Odomita yangu ni sahihi kabisa, ila mshale unasoma pungufu. Nichomoe mshale niurudishe mbele kidogo?

JIBU: Inategemea pungufu lenyewe. Likiwa kilomita 8 kwenye kila mwendo, mshale umehama kwenye ekseli yake na kuurudisha kunasaidia. Lakini likiwa 4 kwenye 40 na 10 kwenye 100, sumaku imepoteza nguvu. Hiyo humtaka fundi wa spidomita mwenye kifaa cha kuiongezea sumaku nguvu. Kusogeza mshale kutasahihisha namba moja na kuharibu zilizobaki.

Ukilazimika kuuchomoa, kwanza uinue taratibu juu ya kipini kidogo kinachouzuia kwenye sifuri, uuache huru na uweke alama pale unapotulia. Kwenye nyingi sifuri ya kweli iko chini ya kipini. Ukiubandika mshale ukiwa umeegemea kipini, umeondoa mkazo wa springi, na utasoma zaidi kwenye kila mwendo.

SWALI: Gari langu ni la miaka ya 1990, spidomita yake haina kebo. Mshale unaanguka nikipita kwenye matuta.

JIBU: Tafuta muunganisho uliolegea kabla ya kununua sensa, kile kifaa cha kwenye gia boksi kinachopeleka mawimbi ya umeme ya mwendo kwenye spidomita. Kagua plagi ya sensa kwenye gia boksi, waya wa ethi, na lehemu iliyopasuka nyuma ya dashibodi. Sensa ya nyaya tatu: washa swichi, zungusha gurudumu polepole, na kwa mita ya umeme uone waya wa mawimbi ukipanda na kushuka kati ya karibu sifuri na volti 5 au 12 kulingana na gari. Ya nyaya mbili hutoa umeme wake wenyewe, kwa hiyo pima ukinzani wake huku ukiutikisa waya. Ukiona mita inaacha ghafla kusoma ukinzani, waya umekatika mahali hapo unapoushika.