Mkitaka kulinda popo mkishirikiana na majirani, anzeni na kuhesabu

Mwaka wa kwanza tulioungana na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka tuliboronga, acha niseme ukweli. Sisi tulihesabu popo wa pango letu mwanzo wa mwezi, wao wakahesabu wa kwao wiki tatu baadae, tukajumlisha tukafurahi weee, mpaka jamaa mmoja akauliza, hivi kama walihama hapo katikati je? Kimya. Inawezekana kabisa tuliwahesabu walewale mara mbili.

So kabla ya logo na kikao cha hotelini (picha za pamoja zitasubiri), kubalianeni usiku mmoja na namna moja ya kuhesabu. Siku hizi tunakaa pembeni ya mdomo wa pango, sio mbele maana wakikuona wanageuka, tunafika jua halijazama, mmoja anabonyeza kaunta kwa wanaotoka mwingine kwa wanaorudi ndani, alafu tunatoa waliorudi kwenye waliotoka. Hao wanaorudi ndo watu wanawasahau, na kuna siku wanazunguka pale mlangoni hadi kidole kinauma.

Na msidhani ni jambo dogo. Kuna popo wa pua ndefu wanaohama kati ya Meksiko na Marekani, mwaka 1988 walisemekana hawafiki 1,000, nchi zote mbili zikalinda mapango na mimea wanayokula, 2018 Marekani ikawatoa kwenye orodha ya walio hatarini wakiwa kama 200,000. Safi sana, ila kuna wanasayansi walishasema ile hesabu ya mwanzo ilikuwa chini mno, popo wengine hawakuonekana tu. Sasa wamepona kiasi gani? Ndo mjue.

Kingine buti. Ule ugonjwa wa pua nyeupe ulioonekana New York 2006 umeua mamilioni ya popo Marekani na Kanada, unaletwa na kuvu, na kuvu inapanda kwenye viatu na kamba zetu bila nauli. Ukienda pango la mwenzio osha kila kitu, au bora utumie vifaa vyake.

Mwisho, mwenzenu akileta namba ndogo kuliko ya mwaka jana msimkaripie kikaoni kama sisi tulivyofanya, maana mwaka uliofuata yule dada alituletea namba nzuriii, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kaipataje.