Shangazi Anajibu: Nimealikwa harusi ya Kigujarati, nisije nikaaibika

Shikamoo shangazi. Niko Tanga, nafanya kazi duka la dawa na dada mmoja wa Kihindi, miaka saba tuko pamoja mpaka tumekuwa ndugu. Anaolewa kwao Jamnagar, Gujarat, kwa sababu bibi yake bado yuko kule. Ni Wahindu. Nauli wamenichangia nusu. Kadi inasema siku tatu, na tarehe waliisogeza mpaka baada ya 14 Januari, wanasema kabla ya hapo haiwezekani, sikuelewa kwanini. Naogopa kuvaa vibaya au kukaa pasipo pangu. Nipeleke zawadi gani?
Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Nenda, tena nenda siku zote tatu, usije ukasema utaibukia siku ya mwisho. Mimi nilisoma Rajkot, hukohuko Gujarat, kutoka pale mpaka Jamnagar ni basi tu, na harusi nilizohudhuria kule sijazisahau mpaka leo.

Hiyo tarehe ni mambo ya nyota. Katikati ya Desemba jua linaingia nyota ya Mshale, wao wanaita kipindi hicho kamurta, na hapo hakuna harusi wala kuhamia nyumba mpya, mpaka jua liingie nyota ya Mbuzi tarehe 14 Januari, siku ambayo Gujarat nzima iko juu ya mapaa inarusha tiara. Na kule kwenye mvua kuna miezi minne mingine wanafunga hivyohivyo. Kwahiyo ikifunguka Januari ni harusi juu ya harusi, kumbi zimejaa. Ila una bahati kwenye chakula maana baridi ndo msimu wa undhiyu, chungu cha mbilingani, viazi vikuu, ndizi na maharage mabichi pamoja na vidonge vya unga na majani ya uwatu, ukila na puri, vile vimkate vya kukaanga, utaisahau nyama, na nyama hutaiona kabisa. Pombe nayo usiulizie, Gujarat imepigwa marufuku tangu jimbo lilipoanzishwa 1960.

Mavazi: usivae nyeupe tupu wala nyeusi tupu, na nyekundu muachie mwenyewe. Kijani, zambarau, rangi ya machungwa, zote sawa, hata kanga nzuri ukishonesha gauni watakupenda. Zawadi weka hela kwenye bahasha na iishie na moja, rupia 501 au 1001, sio 500 wala 1000. Ile moja ya juu ndo baraka, maana yake hesabu haijafungwa, inaendelea.

Siku za mwanzo utajiona uko nyumbani. Kuna pithi, bi harusi anapakwa manjano na liwa na marashi ya waridi na wanawake wa kwao, huku wanacheka na kuimba, ukiona utasema ni singo ya kwetu Pwani. Hina pia ipo. Na kuna nyimbo zinaitwa fatana, wanawake wa upande huu wanawaimbia wa upande ule maneno makali, oh bwana harusi mweusi, oh mlikuja na njaa, na hakuna anayekasirika, ni mipasho kabisa, we piga makofi tu.

Lakini kitu nakuomba usikose ni mameru. Hii ni siku mjomba, kaka yake mama, analeta vitu vya bi harusi. Yeye ndo analeta panetar, ile sari nyeupe ya hariri yenye pindo nyekundu, na bangili za chudo. Rajkot nilimuona mjomba mmoja mkulima wa karanga, amevaa kilemba, kaibeba sinia mwenyewe hataki kusaidiwa, mikono inamtetemeka, na dada yake alianza kulia kabla hata hajafika mlangoni. Alipoikunjua ile sari mbele ya watu ukumbi wote ulinyamaza. Mimi mgeni sijui hata lugha, na machozi yalinitoka, maana mjomba na uzito wake nani asiyeujua kwetu.

Na hizo bangili zitazame vizuri. Zamani zilikuwa za pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka huku kwetu, zinabebwa mabegani kutoka Unyamwezi mpaka pwani, zinapita Unguja, halafu majahazi yanazipeleka Bombay na Mandvi kule Kachchh. Bibi wa bibi zao waliolewa na ndovu wetu mkononi. Siku hizi ni plastiki, na ni sawa kabisa, biashara ya pembe ilipigwa marufuku duniani 1989.

Siku yenyewe bwana harusi anakuja na farasi na ngoma, na mlangoni mama mkwe anampokea halafu anajaribu kumshika pua amvute! Usishtuke, ni kumkumbusha kwamba amekuja kuomba, aje na unyenyekevu. Wadogo wa bi harusi wataiba viatu vyake na atavigomboa kwa hela. Ndani wanamuweka nyuma ya pazia, bi harusi analetwa na mjomba yuleyule, pazia linashushwa, wanavishana mashada.

Hapo ndo wageni wengi wanakosea, wanaona mashada na picha wanakimbilia chakula wakidhani imeisha. Mwanangu usiondoke. Kaa karibu na moto, viatu vua. Watauzunguka mara nne, sio saba kama unavyosikia kwenye sinema, Wagujarati ni nne: wajibu, riziki, mapenzi, na ukombozi wa roho. Kila mzunguko kaka wa bi harusi anamtilia nafaka mikononi aimimine motoni. Kisha zinapangwa popoo saba chini, popoo hizihizi za tambuu, na bi harusi anazigusa moja moja kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, kila moja ni hatua na ni ahadi. Watu wanapiga soga, watoto wanakimbia, kuhani anasoma kwa sauti ya chini, unaweza usijue kinachotokea. Ila sheria ya ndoa ya Wahindu ya India, ya 1955, inasema pale zinapofanywa hatua hizo saba, ndoa inakamilika hatua ya saba ikishapigwa. Sio kwenye mashada wala keki. Kwenye kile kidole cha mguu, na wewe ni dada yake, uwepo ukikitazama.

Shangazi salaam. Mimi ni wa Mombasa, mchumba wangu ni Mgujarati wa hapahapa na kwao wamekubali. Wazee wangu wanauliza mahari ni kiasi gani, rafiki zangu wananicheka eti kwa Wahindi mwanamke ndo analipa. Ukweli ni upi?
Kijana, Mombasa

Hongera mwanangu. Kwao, kama ni Wahindu, mwanaume halipi mahari, hapo wazee wako wasitafute. Hilo la upande wa mwanamke kutoa lipo India kweli na limeua mabinti wengi, ndo maana kule kutoa, kupokea au kudai ni kosa la jinai tangu 1961, na kwa kutoa au kupokea kifungo sasa kwa kawaida hakipungui miaka 5. Sasa mtu akikwambia "chukua tu, si mila yao", mkatalie palepale bila kupepesa macho.

Wazee waende siku ya gol dhana, sukari guru na giligilani zinagawiwa kila aliyepo, ukishazila mmekubaliana. Upande wenu mna deni moja kubwa: gharchola, sari nyekundu ya miraba yenye nyuzi za dhahabu, anayoitoa mama wa bwana harusi na bi harusi anafunikwa nayo juu ya ile panetar ya mjomba. Mwambie mama aende na mama mkwe wako waichague pamoja, na aanze mapema, nzuri sio rahisi.